Boti, upepo na milima ya moto: majibu kwa wanaokwenda visiwa vya Eolie

Tangu nigusie safari yangu ya visiwa vya Eolie, vile saba vya volkano vilivyo kaskazini ya Sicilia huko Italia, maswali hayajakatika. Karibu yote ni ya boti. Haya hapa machache.

Nina siku nne tu na ndege yangu inatua Catania. Nataka niviguse visiwa vyote saba. Ratiba za boti zinaruhusu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ratiba huenda zikaruhusu, kaka. Bahari haina ahadi hiyo. Siku ya kwanza itaishia njiani: Catania, mji wa Sicilia, hadi bandari ya Milazzo, kisha boti ya mwendo kasi, dakika kama 45 mpaka Vulcano na saa moja hivi mpaka Lipari. Hivyo ndivyo vya karibu. Stromboli kimejitenga kaskazini-mashariki, Alicudi kiko magharibi kabisa, na ukitaka kutoka kimoja kwenda kingine mara nyingi utapitia Lipari au Salina na kungoja hapo. Utarudi nyumbani umeona magati saba.

Chagua viwili. Lala Lipari au Salina, kisha usiku mmoja Stromboli. Na usiku wa mwisho uwe umesharudi Sicilia.

Hili la usiku wa mwisho nalisisitiza kwa sababu lilinikuta. Nilikuwa Stromboli mwezi wa Septemba, nimepanga kuondoka asubuhi na kupanda ndege jioni yake. Kulipopambazuka bahari ilikuwa imechafuka na hakuna boti iliyokuja, siku hiyo wala iliyofuata. Ndege iliondoka bila mimi. Gatini nilikaa karibu na mama mmoja wa pale kisiwani aliyekuwa na miadi ya hospitali Lipari. Alipoambiwa hakuna boti, alifunga mtandio wake vizuri akarudi nyumbani, na kesho yake akaja tena na faili lile lile mkononi. Tangu siku ile, nikipanda boti za kule nakumbuka kwamba nimepanda barabara ya watu. Wanafunzi, wagonjwa, fundi na mabomba yake, wote wamo humo. Katika visiwa vidogo hata maji ya kunywa huletwa na meli. Kwa hiyo begi lako usiliweke kwenye kiti, na mwenyeji mwenye mzigo mpishe ashuke kwanza.

Boti hunitapisha. Hata Dar hadi Unguja nafika nimekwisha. Nitaweza kweli? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Utaweza, mama, ila chagua chombo. Kule viko vya aina mbili. Kuna *aliscafo*, boti yenye mabawa chini ya tumbo ambayo ikishika kasi hunyanyuka juu ya maji. Ni ya haraka, lakini unakaa ndani umefungiwa, madirisha yamejaa chumvi, na bahari ikiwa na mawimbi inakupigapiga. Halafu kuna *nave*, feri kubwa ya magari, ambayo Milazzo hadi Lipari huchukua kama saa mbili. Wengi huikimbia kwa sababu ya polepole yake. Wewe ipande hiyo hiyo. Utasimama nje upate upepo, utatazama upeo wa macho, na ukichoka utakaa katikati ya chombo, sitaha ya chini, ambako mrusho ni mdogo kuliko omo. Tangawizi weka mkobani, na dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kung'oa nanga, maana ukishaanza kutapika haina kazi tena.

Kuhusu upepo, sahau mazoea yetu. Sisi tuna kusi na kaskazi, kila mmoja na miezi yake, na nahodha anajua atarajie nini. Pale upepo unageuka ndani ya siku moja. *Scirocco* hutoka kusini-mashariki na joto lake, *maestrale* hutoka kaskazini-magharibi, na kila mmoja una gati unaloliharibu. Bahari ikichafuka, aliscafo ndizo husimamishwa kwanza, feri zikaendelea kidogo. Pengine feri nayo inafika mbele ya kisiwa, inashindwa kufunga kamba, inapita. Utulivu zaidi uko Juni na Julai. Kuanzia Oktoba, weka siku za akiba.

Nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Oman. Kila kisiwa kina viza yake? (Msomaji, Muscat)

Hapana. Vyote ni Italia, na viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, iliyokufikisha Sicilia inatosha. Tembea na pasipoti yenyewe, maana tiketi ina jina lako. Utatozwa pia kodi ndogo ya kushuka kisiwani, kwa kawaida imo ndani ya bei ya tiketi.

Stromboli inalipuka kila siku. Si ni kujitafutia kifo? (Msomaji, Nairobi)

Swali zuri, na sitaki kulipunguza uzito. Stromboli hutema moto mara kadhaa kwa saa, na imefanya hivyo kwa karne nyingi. Ndiyo maana mabaharia waliiita mnara wa taa wa Mediterania. Kilele chake kina mita 924 tu juu ya maji, lakini mlima unashuka zaidi ya kilomita moja na nusu chini ya bahari.

Hiyo ndiyo hali yake ya kila siku. Hatari iko katika siku zisizo za kawaida. Tarehe 30 Desemba 2002 ubavu unaoitwa Sciara del Fuoco uliporomoka baharini, ukazua tsunami iliyovunja nyumba za ufukweni. Mwaka 2019 ilikuja milipuko miwili mikubwa, Julai 3 na Agosti 28, na ule wa kwanza uliua mpanda mlima mmoja. Baada yake njia ya kileleni ilifungwa kwa wageni. Siku hizi mlima unapimwa usiku na mchana, ving'ora viko kijijini, na mipaka ya kupanda hubadilika kwa amri ya serikali kulingana na hali yake. Uliza siku hiyo hiyo, na penye kiongozi wa lazima usipite bila yeye.

Ukiniuliza pa kuutazama, nitakwambia baharini. Mashua huondoka jioni na kusimama mbele ya Sciara del Fuoco. Giza likiingia, unaona mawe mekundu yakibiringika hadi majini. Nahodha huzima taa, na watu wote wananyamaza. Vilevile kuna feri ya usiku kutoka Napoli inayofika Stromboli alfajiri. Ukibahatika kukosa mawingu, moto utauona ukiwa bado mbali.

Ni kweli Vulcano kinanuka? (Msomaji, Kampala)

Kweli, kama mayai viza. Ni salfa. Mlipuko wake wa mwisho ulikuwa 1888 hadi 1890, lakini gesi haijalala: mwaka 2021 ilizidi hadi watu wa eneo la bandari wakakatazwa kulala humo. Na neno letu volkano lina asili yake hapo.

Nasafiri na baba, ana miaka 74 na magoti yake mabovu. Tukae wapi? (Msomaji, Mombasa)

Mpe mzee shikamoo yangu, na Alicudi msimpeleke. Hakuna barabara, ni ngazi za mawe tangu gatini, na mizigo hubebwa na nyumbu. Mpelekeni Salina. Kina mabasi, kivuli, na migahawa ya samaki karibu na maji. Ila angalieni tiketi vizuri: Salina kina bandari mbili, Santa Marina na Rinella, na kati yake kuna mlima mzima.