Umerithi Kasuku? Soma Kabla ya Kumpa Chai

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 na zaidi. Ndiyo maana wengi wetu wenye nao hatukuwanunua, tuliachiwa. Wangu niliachiwa na mjomba, Mungu amrehemu, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Goma na akamnunua hukohuko, enzi ambazo hakuna aliyeulizia karatasi. Kwa hiyo makala haya ni ya mtu ambaye tayari ana ndege nyumbani. Anayetaka kununua, jibu lake ni fupi: usinunue.

Makao yao ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Hapa Kenya wamebaki wachache mno, upande wa Kakamega. Wategaji wa Kongo humfunga kasuku mmoja juu ya mti awaite wenzake, matawi yakiwa yamepakwa ulimbo. Wakitua, wananata. Hubanduliwa, hukatwa manyoya ya mbawa, hurundikwa kwenye masanduku, na wengi hufa hata soko hawajaliona. Ghana, utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka huohuo nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilizokutana Johannesburg, zilimwingiza kasuku huyu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, na tangu Januari 2017 ni marufuku kuwauza nje ya mipaka wale walionaswa mwituni.

Wauzaji nao wana maneno yao: "Huyu kinda, kazaliwa nyumbani." Mtazame macho. Kinda ana jicho la kijivu kizito karibu na weusi. Likishakuwa la manjano, huyo ni mtu mzima. Tazama na mguu. Aliyezaliwa tunduni kwa mfugaji wa kweli huvishwa pete nzima isiyo na kiungo angali mchanga, na pete hiyo haiwezi kumwingia akishakua. Kisha msogelee polepole. Aliyetoka porini akiogopa hunguruma, na mngurumo huo ukiusikia mara moja utaujua siku zote.

Sasa tuje kwetu. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima wa dini, kila akipita huniambia, "Mwanangu, mfungulie aende zake, upate thawabu." Namwelewa, lakini kasuku aliyekaa tunduni miaka hajui chakula cha msituni ni kipi, mbawa zake hazina nguvu, na Mombasa si kwao. Atamalizwa na kunguru au njaa. Hata akifikishwa msituni, anaweza kuwapelekea wenzake maradhi aliyoyapata kwa kuku. Kurudisha ndege porini ni kazi ya wataalamu, kwa karantini na vipimo. Wewe thawabu yako itafute kwenye sahani yake.

Na hapo kwenye sahani ndipo penye balaa. Kasuku wa Pwani hulishwa mahamri, chai ya maziwa, wali wa biriani na njugu. Anakula kwa furaha, na watoto wanacheka. Chumvi, mafuta na chai vinamuumiza. Maziwa hawezi kuyasaga. Njugu zilizokaa vibaya huwa na sumukuvu, inayoharibu ini. Mbegu za alizeti pekee hazina vitamini A ya kutosha wala madini ya kalsiamu, na kasuku wa kijivu akipungukiwa kalsiamu anaweza kudondoka kutoka kwenye kijiti akipigwa na degedege. Wenye nyumba wakadhani ni jicho la watu.

Porini hupenda sana matunda ya mchikichi, lile nyama jekundu la nje lenye vitamini A tele. Ukizipata chikichi, mpe. Usipozipata, mpe karoti, boga, papai lililoiva, viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, na sukuma wiki kwa wingi. Kalsiamu iko bure ufukweni: mfupa wa dome, yule jamaa wa ngisi na pweza, ule mweupe mwepesi. Uloweke siku kadhaa ukibadilisha maji chumvi itoke, uuanike, uufunge kwenye tundu. Jua la asubuhi ni la lazima, maana bila hilo mwili hautengenezi vitamini D ya kuitumia hiyo kalsiamu. Acha pembe moja ya tundu iwe na kivuli.

Wangu alipoletwa alikuwa hagusi mboga. Nilianza kumning'inizia majani ya sukuma yaliyolowa maji. Akayararua kwanza kwa kucheza, kisha akaanza kumeza. Ugomvi wa kumshindisha njaa mpaka ale sikuutaka, na wewe usiujaribu, ndege hudhoofika haraka.

Kasuku anayejinyonyoa manyoya kifuani mpaka ngozi ionekane mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, lakini mara nyingi kinachomsumbua ni upweke. Huko kwao wanaishi makundi makubwa, na kutwa midomo inapasua vitu. Mpe kumbi la nazi, umfichie ndani punje za mahindi mabichi: atalipekua nyuzi kwa nyuzi, akilishika kwa mguu mmoja, na sebule itachafuka. Vijiti vya kukalia viwe matawi ya mpera ya unene tofauti, si fimbo moja laini inayomtoa vidonda nyayoni. Awe mahali watu wanapopita, ila usiku alale gizani kwa muda wa saa 10 hadi 12. Televisheni ya mpaka saa sita izime.

Vinavyoua bila kelele: parachichi, chokoleti, kahawa. Moshi wa kikaango kisichonata kikipata moto kupita kiasi huua ndege kwa dakika chache. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma viwe chumba kingine kabisa. Wavu mpya wa kuku una zinki, naye anautafuna. Usugue kwa siki na brashi, uusuuze, ndipo uutumie.

Mwenye pumu asikae naye chumba kimoja, maana hutoa vumbi jeupe kama unga. Kinyesi kilowanishe kabla ya kufagia, kwa sababu vumbi lake linaweza kuleta homa ya kasuku kwa binadamu.

La mwisho ni kibali. Kwa sheria ya Kenya huwezi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, nao waliwahi kutoa msamaha ili wenye kasuku wajitokeze wawasajili. Nenda ofisini kwao mwenyewe kabla hawajaja kwako. Na kwa kuwa huenda akakuzidi umri, amua mapema nani atamchukua. Mimi nimekubaliana na binti ya dada yangu, kwa sababu kasuku mwenyewe humpokea bila kumng'ata, na nimemwandikia chakula na simu ya daktari. Kabla ya kumkabidhi mtu, waulize KWS namna ya kuhamisha kibali.