Kilebu aliyepoa hapewi maziwa

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mbwa wangu amezaa watoto sita, leo ni siku ya nne. Wawili wamekufa. Wa tatu ni mdogo kuliko wenzake, amelegea, ukimshika ni wa baridi, na mama yake anamsukuma pembeni. Tangu jana nampa maziwa ya ng'ombe kwa sirinji kila saa, lakini tumbo limejaa kama mpira na mengine yanamtokea puani. Jirani anasema niongeze kipimo na nitie sukari apate nguvu, na mama nimpe vidonge vya kalsiamu ili maziwa yaongezeke. Nimpe mtoto maziwa kiasi gani?

JIBU: Kwa sasa usimpe hata tone.

Weka sirinji chini kwanza, ndugu yangu, umpashe mtoto joto, kisha urudi usome yaliyobaki. Swali hili naulizwa karibu kila panapozaliwa watoto wa mbwa, na karibu kila mara mwulizaji anataka kujua kipimo. Nimewapasua vilebu wengi waliokufa mikononi mwa watu wenye huruma kama wewe, nikakuta tumbo limejaa maziwa yaliyoganda, hayajasagwa hata kidogo. Hao hawakufa njaa.

Kilebu wa siku nne hawezi kujitunzia joto. Hata kutetemeka kwa baridi bado hajui, uwezo huo humjia anapokaribia kumaliza wiki ya kwanza. Joto la mwili wake katika wiki hiyo huwa kati ya nyuzi 35 na 37 za Selsiasi, wakati mama yake ana 38 na zaidi. Akishuka hadi 34 hivi, utumbo wake unasimama. Moyo unapiga polepole, hamu ya kunyonya inapotea, na chochote unachomwingizia kinakaa palepale kikichacha na kutoa gesi. Ndiyo maana tumbo limekuwa kama mpira. Yanayozidi yanapanda juu, na kwa kuwa hana nguvu ya kumeza vizuri, mengine yanateremka kwenye mapafu.

Hapo ndipo penye hatari yako kubwa leo. Maziwa yanayotokea puani kwa kawaida yana maana moja kati ya mbili: ama umemsukumia kwa kasi kuliko anavyoweza kumeza, ama ana tundu kwenye kaakaa. Mfungue kinywa taratibu penye mwanga uangalie juu. Ukiona ufa au tundu, usimlishe kwa sirinji wala chupa tena. Ukikuta kaakaa ni zima bado anahitaji kupimwa mapafu leo, kwa sababu nimonia ya maziwa humwua kilebu kwa saa chache.

Kuhusu kumpasha joto, fanya polepole, kwa muda wa saa moja hadi tatu. Njia nzuri kuliko zote ni kifua chako mwenyewe: mweke ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, na umgeuze mara kwa mara. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa taulo nayo inafaa. Usimtumbukize kwenye maji moto wala usimsogeze kwenye moto. Ngozi ikipata joto kali kwa ghafla, mishipa yake hufunguka na mwili kudai hewa nyingi wakati moyo bado umelala, na mtoto hufa huku mwenye kumwuguza akidhani amemwokoa. Mpime kwa kipimajoto cha kidijitali kilichopakwa mafuta kidogo, kwenye njia ya haja kubwa. Akifika 36, mtie kidole safi mdomoni. Akikifyonza, utumbo nao umeamka.

Na maziwa ya kwanza baada ya hapo yawe ya mama yake. Watu humlaumu mama kwamba amemkataa mwanawe. Mama mbwa humtambua mtoto aliye hai kwa joto, harufu na sauti, na mtoto wa baridi asiyelia, kwake ni kama hayupo. Mrudishie akiwa na joto, mshikilie kwenye chuchu za nyuma ambazo kwa kawaida zina maziwa mengi, na uwaondoe kwa muda wale wakubwa wanaompiga kikumbo. Mara nyingi nimeona mama akianza kumlamba papo hapo.

Asiponyonya, tumia maziwa mbadala yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta takriban mara mbili ya ya ng'ombe, na sukari ya maziwa kidogo kuliko yake. Kwa hiyo ukimpa ya ng'ombe, unamnyima anachohitaji na kumzidishia kinachomharisha. Kipimo ulichoniuliza, wakati wake ukifika, ni kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake kwa mlo mmoja, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kilebu wa gramu 250 anapata mililita 10, basi. Alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu, umemfungulia maziwa njia ya mapafuni. Kabla na baada ya kula, mpanguse sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwani kwa wiki tatu hivi za mwanzo hawezi kukojoa wala kunya vizuri bila kulambwa.

Sukari ya jirani ina chembe ya ukweli, na hiyo chembe ndiyo inayoponza. Kilebu aliyepoa hupungukiwa sukari kwenye damu, ni kweli. Lakini ukiikoroga ndani ya maziwa ukaitia kwenye tumbo lililosimama, damu haiipati. Inavuta maji utumboni na kumharisha. Daktari ana glukosi ya kipimo na njia ya kuifikisha inakotakiwa.

Sasa hao watatu waliobaki usiwasahau. Watu hushughulika na mgonjwa mmoja, kesho wakaamka wana wagonjwa watatu. Pale wanapolala pawe na joto la nyuzi 29 hadi 32 wiki hii ya kwanza, lipungue kidogo kidogo wiki zinazofuata, na waachiwe upande usiopashwa ili mwenye kuona joto ajisogeze. Wapime uzito kila siku, saa ileile, kwa mizani ya jikoni, uandike. Siku ya kwanza mtoto anaweza kupungua kidogo, baada ya hapo lazima apande kila siku, na afikapo siku ya 10 hadi 14 awe amefikia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Mizani hukuonyesha ugonjwa siku nzima kabla jicho halijauona. Mtoto ambaye hajapanda leo, nipigie leo.

Vifo viwili kwa siku nne navyo si vya kuzika na kunyamaza. Huenda ni baridi tu. Huenda hawakupata dang'a, yale maziwa ya mwanzo yenye kingamwili, ambazo utumbo wa kilebu huweza kuzipokea kwa muda wa siku moja tu, na vizuri zaidi katika saa 12 za mwanzo. Lakini huenda pia ni maambukizi. Kuna kirusi cha hapesi cha mbwa ambacho hustawi mwili ukiwa chini ya kawaida ya mbwa mkubwa, na huua vilebu wa chini ya wiki tatu mmoja baada ya mwingine. Kama bado unayo maiti, ifunge uiweke kwenye jokofu, isigande, uje nayo.

Nimefika kwenye kalsiamu, na hapa naomba uvumilie ukali wangu. Kidonge cha kalsiamu hakiongezi maziwa. Maziwa huongezwa na watoto wanaonyonya, chakula na maji. Mama anayenyonyesha, hasa wiki ya tatu na ya nne, anaweza kuhitaji chakula mara mbili hadi nne ya kawaida yake, na chakula bora kwake ni kile cha watoto wa mbwa kwa kuwa kina nguvu nyingi. Wanaompa vidonge tangu ana mimba wanafanya ubaya mkubwa zaidi. Tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu ya damu zikizoea kupewa bure hulala, na siku maziwa yanapoivuta kalsiamu kwa wingi, zinashindwa kuamka kwa wakati. Hapo mama anahema bila kukimbia, anatembea kama miguu ni ya mbao, anatetemeka, anapata degedege na homa inayopita 40. Hutokea zaidi kati ya wiki ya pili na ya nne, na zaidi kwa mbwa wa umbo dogo wenye watoto wengi. Ukiona hayo, watoe watoto kwenye chuchu na umkimbize kwa daktari saa ileile. Kalsiamu ya kumwokoa huingia kwenye mshipa, polepole, huku moyo ukisikilizwa, na kidonge hakifiki huko kwa wakati.

Wapo pia wanaozunguka na sindano za oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu wa kuzaa, wakimchoma kila mbwa anayekawia kuzaa. Mtoto akiwa amekwama, sindano hiyo inaweza kupasua mji wa mimba, au kubandua kondo watoto wakiwa bado ndani. Nimempokea mama aliyechomwa sindano tatu kwa mtoto aliyekuwa amelala mshazari, ambaye hata kumi zisingemtoa. Wapo wanaompa mama dawa za binadamu za maumivu. Paracetamol huharibu ini lake na damu yake, na ibuprofen hutoboa tumbo na kuua figo. Wapo wanaowapa vilebu dawa ya minyoo kwa kukisia, eti robo kidonge, wakati kipimo hutokana na uzito, na wakati wa kuanza ni wiki mbili, mama akinyweshwa pamoja nao. Watu hawa hawarudi kuangalia walichokifanya, kwa hiyo hawajifunzi. Mimi ndiye ninayeletewa wakati wakishaondoka.

Mama wa vilebu wako umtazame hivi kila asubuhi. Mpime joto. Mpapase kila titi, na likiwa gumu, la moto, au limekuwa la zambarau, usisubiri. Uchafu unaomtoka baada ya kuzaa huwa wa kijani kilichoiva au wa hudhurungi, na huendelea kupungua kwa wiki kadhaa. Ukianza kunuka vibaya, au mama akisusa chakula na watoto, kizazi kimeingia maambukizi.

Leo mlete yeye na watoto wote wanne, ndani ya boksi moja lenye chupa ya maji ya vuguvugu chini ya taulo. Sirinji iache nyumbani.