Tope la Mirongo na mchanga wa ufukweni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma mwaka wa tatu hapa Mwanza. Kwa ajili ya mradi wangu nilichota tope jeusi pale Mto Mirongo unapoingia ziwani, halafu nikachota mchanga ufukweni, nje ya mji. Majibu ya maabara yanaonyesha risasi na zinki ziko juu sana kwenye tope, chini sana kwenye mchanga. Naweza kuandika kwamba mji ndio unaochafua ziwa? Na nyumbani wananiuliza kama waache kula sangara.

JIBU: Marahaba. Usiandike hivyo kwanza. Huenda mji unachafua kweli, maana Mirongo unakatiza katikati ya jiji na kila mtaro unamwagia humo. Ila vipimo vyako havijasema hivyo. Umelinganisha tope na mchanga, basi.

Metali nzito hung'ang'ania chembe ndogo. Punje ya mchanga ni kijiwe chenye uso laini, hakina pa kushikia. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, kwa hiyo kijiko kimoja tu kina nyuso nyingi ajabu, nazo zimepakwa kutu ya chuma na manganizi pamoja na mabaki ya majani yaliyooza. Vyote hivyo vinanasa risasi. Mto ukifika ziwani maji hupoa mwendo, mfinyanzi unatua. (Kwenye delta ya Rufiji chumvi ya bahari nayo husaidia kuugandisha, huku kwetu hakuna chumvi.) Kwa hiyo hata pasingekuwa na gereji hata moja Mwanza, tope lako lingeushinda mchanga.

Rudia hivi: chekecha sampuli zote kwa chekeche ya maikromita 63, upime kilichopita tu. Kisha iombe maabara ikupimie na alumini, kwa sababu hiyo inatoka kwenye udongo wenyewe, si kwenye gereji. Tuseme mahali pamoja kilo ya tope ina miligramu 60 za risasi na gramu 80 za alumini, mahali pengine kuna 15 na 20. Kwa macho, mara nne. Gawanya risasi kwa alumini: kote ni 0.75. Tofauti imeyeyuka. Ila hakikisha sampuli zote zimeyeyushwa kwa tindikali ileile, maana tindikali nyepesi huacha sehemu ya alumini ndani ya udongo, na uwiano wako unapinda.

Ukipata nafasi, zamisha bomba la plastiki kwenye tope, ulitoe na nguzo yake, uikate vipande vya sentimita mbili mbili. Tope la chini ni la zamani, ndilo litakuambia hali ilikuwaje kabla mji haujakua. Usifanye hivyo mlangoni penyewe, mafuriko yanakoroga. Tafuta hori lililotulia. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia 2006, kwa hiyo usishangae risasi ikizidi chini kidogo ya uso kuliko juu.

Viwango vya tope vinavyonukuliwa sana, miligramu 35.8 za risasi kwa kilo (chini yake madhara kwa viumbe wa tope ni nadra) na 128 (juu yake madhara hutarajiwa), vilitokana na takwimu za Amerika Kaskazini. Vitumie kama kengele, si hukumu.

Kuhusu sangara: risasi na zinki haziongezeki kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo. Ya kuangalia ni zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo wa upande wa Geita huitumia kukamatisha dhahabu. Kwenye tope lisilo na hewa bakteria huigeuza kuwa metili zebaki, nayo hupanda kutoka kwa dagaa na furu hadi kwa sangara. Hata hivyo, tafiti nyingi za samaki wa ziwa hili zimekuta zebaki chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Nyumbani waendelee kula. Wanaoweza kujihadhari ni wajawazito, kwa kuwapisha wale sangara wakubwa kabisa. Ukitaka kuipima mwenyewe, usikaushe tope kwenye oveni ya nyuzi 105, zebaki itapaa. Usivuke 40.

Na hiyo zinki yako inanitia shaka. Nilipokuwa na umri wako nilibeba sampuli kwenye ndoo ya bati, nikashangilia zinki wiki nzima kabla sijakumbuka kwamba bati limepakwa zinki. Wewe ulitumia ndoo gani?