Kabla hujaitangaza hiyo sarafu, waambie watu umelipwa kiasi gani

Ndugu yetu wa Mbale aliuliza hapa jana. Ana kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 600, na wenye sarafu mpya ya kripto wamemwomba awatangazie. Watamlipa dola 200 za USDT, yaani kripto inayofuata thamani ya dola, na juu yake tokeni zao, yaani vipande vya sarafu yao yenyewe. Anataka kujua kama kuna ubaya wowote.

Mdogo wangu, nakujibu kwa urefu kwa sababu mwaka 2021 niliombwa jambo hilohilo, nikakubali, na watu ninaowajua kwa sura wakapoteza pesa.

Mimi nabadilisha pesa hapa Busia mpakani, shilingi ya Kenya kwa ya Uganda. Kazi yetu inasimama juu ya imani. Dereva wa lori anakuachia bunda la noti saa kumi na moja alfajiri, anakwenda kushughulikia karatasi zake forodhani, anarudi kuchukua chake. Kundi langu lilikuwa la wateja hao, watu 200 na ushee: madereva, vijana wa boda, akina mama wa sokoni, walimu wawili. Kila asubuhi niliwatumia bei ya siku. Wenye mradi walinifuata kwa ajili ya kundi hilo. Habari za kripto nilizijua kidogo sana, na wao walilijua hilo.

Walinipa dola 300, ambazo kwa bei ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni moja za Uganda, na fungu la tokeni. Nikarekodi sauti ya dakika mbili nikaituma kundini. Ndani yake nilisema, "hata mimi nimenunua." Sikununua. Nilipewa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo jibu langu lote kwako. Mtu akisikia umenunua, anajua kwamba ikianguka mtaumia pamoja. Akisikia umepewa, anajua wewe umeshakula faida yako kabla yeye hajatoa hata mia tano, na anapima upya. Niliwanyima nafasi ya kupima.

Wiki ya tano bei ikaporomoka mchana mmoja. Ngoja nieleze ilivyotokea, maana mpaka leo naona watu wanasema "soko limeanguka" mahali ambapo soko halina kosa. Tokeni changa kama ile haina thamani mpaka kuwe na mahali pa kuibadilishia. Yetu ilikuwa PancakeSwap, soko la mtandaoni la kubadilishana kripto: waanzilishi waliweka kapu lenye tokeni zao upande mmoja na BNB, kripto nyingine yenye soko kubwa, upande wa pili. Wewe ukinunua, BNB yako inaingia kapuni na tokeni zinatoka. Hicho ndicho wanachokiita ukwasi. Kama ukwasi haujafungiwa kwa muda maalumu, aliyeuweka anaweza kuutoa saa yoyote. Wa kwetu haukufungiwa. Walianza kwa kuuza tokeni zao kutoka waleti tatu, yaani pochi za kuwekea kripto, kisha wakatoa kapu lote. Waliobaki walishika tokeni ambazo hakuna wa kuzibadilisha.

Kinachonichoma ni kwamba yote yalikuwa wazi. Ukifungua BscScan, tovuti inayoonyesha miamala hiyo yote hadharani, ukaweka anwani ya mkataba wa tokeni, yaani programu inayoiendesha, unaona waleti kumi kubwa zinashika asilimia ngapi, na unaona kila tokeni iliyohama. Nilikwenda kuangalia baada ya msiba. Waleti iliyonitumia mimi tokeni zangu ilikuwa ikiuza tangu siku ya nne, siku zile mimi nawasisitizia watu wavumilie. Ningeangalia mapema ningejua.

Mama mmoja anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni alikuwa ameweka laki nane, pesa ya kuongezea mtaji. Hakunipigia kelele. Alikuja kibandani, akakaa, akaniuliza: "Mwanangu, wewe ulinunua kwa kiasi gani?" Nikamwambia ukweli kwamba sikununua. Alinyamaza muda mrefu, akaondoka. Nilimrudishia laki nane zake kwa mafungu matatu, na zile dola 300 nikazigawa kwa wengine kadiri zilivyofika, ambapo hazikufika mbali. Wapo ambao mpaka leo wanabadilishia pesa kwa jirani yangu.

Usidhani kuna ofisi itakayokuja kukusafishia. Benki Kuu ya Uganda ilitoa onyo tangu Februari 2017, ikiitaja kwa jina OneCoin, sarafu ya kripto iliyokuja kujulikana kuwa ya utapeli. Mwaka 2019 Wizara ya Fedha ikatangaza kwamba serikali haitambui kripto yoyote kuwa pesa halali ya nchi. Aprili 2022 Benki Kuu ikaziandikia kampuni za malipo zenye leseni zisirahisishe kubadilisha pesa ya simu kuwa kripto. Kwa hiyo anayeumia hapa kwetu anabaki na wewe tu, uliyemshawishi. OneCoin yenyewe iliuzwa kwa mtu kumleta mtu, kila aliyeleta akipata sehemu yake, mara nyingi bila aliyeletwa kuelewa kwamba shangazi yake analipwa kwa kumshawishi. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka mwaka 2017. Shangazi wapo, na wanakutana na ndugu zao kila harusi na kila matanga.

Hata kuandika "tangazo" hakutoshi. Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, aliitangaza tokeni ya EthereumMax kwenye Instagram mwaka 2021, na aliweka alama ya kuonyesha kwamba ni tangazo. Alichoficha ni kwamba amelipwa dola 250,000. Mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ikamfuata, na Oktoba 2022 akakubali kulipa jumla ya dola milioni 1.26. Sheria yao inataka useme nani amekulipa, amekulipa nini na kiasi gani. Sisi huku hatujafungwa na sheria hiyo, lakini kipimo chake nimekichukua kuwa changu.

Kwa hiyo ukikubali kazi hii, maneno yako ya kwanza yawe hivi: "Nimelipwa dola 200 na tokeni kadhaa na wenye mradi huu. Tokeni zangu naruhusiwa kuziuza kuanzia tarehe fulani. Waleti yangu ni hii hapa." Yaseme ndani ya sauti yenyewe, mwanzoni kabisa. Ukiyaandika pembeni, mtu atasambaza sauti peke yake na maelezo yatabaki nyuma. Na kwa Kiswahili na Kiganda, au lugha yoyote unayowatangazia, usiyafiche kwenye Kiingereza.

Usipokee pesa ya mtu kwenye namba yako ya simu ili umnunulie. Hilo nakusihi sana. Ukishapokea, umekuwa mdeni wake.

Kwa wenye mradi, uliza majina na sura zao, uliza ukwasi umefungiwa wapi na mpaka lini, uliza kama mkataba unaruhusu kutengeneza tokeni nyingine baadaye, na fungu la waanzilishi linafunguliwa kwa ratiba gani. Majibu yao yahakikishe mwenyewe kwenye mnyororo, yaani kumbukumbu ya wazi ya miamala, kama ile ya BscScan. Wakikuonyesha cheti cha ukaguzi wa msimbo wa programu, kisome, lakini kinahusu programu tu. Hakikuambii hao watu ni akina nani.

Mwaka jana walikuja wengine kwangu. Niliwaambia nitatangaza kwa sharti moja, nitaje malipo yangu kwa tarakimu. Wakakaa kimya siku mbili, kisha wakarudi na ahadi ya kulipa mara mbili nisitaje. Nikaweka mazungumzo yote kundini.

Wajaribu wa kwako kwa sharti hilo. Wakikubali, weka anwani ya mkataba wa tokeni yao hapahapa mbele ya wote, usinitumie pembeni, tuifungue pamoja leo jioni.