Kioo kimeshuka na hakipandi

Umeuliza kama ununue mota mpya kwa sababu kioo cha mlango wa gari lako kimeshuka na hakipandi. Hapana, usinunue mota kwanza. Kama ukibonyeza swichi unasikia inazunguka lakini kioo hakipandi, mara nyingi mota ni nzima. Kilichokatika ni waya wa chuma unaovuta kioo, au vishikizo vya plastiki vinavyokibana kwa chini. Nimefungua milango mingi yenye shida hiyohiyo. Badilisha seti nzima ya kunyanyulia kioo, maana waya wa kuunga haudumu. Ya mtumba inafaa, ila iwe ya mlango uleule: ya kushoto haikai kulia.

Isiposikika sauti yoyote, hapo anza na fyuzi, swichi, halafu nyaya zinazopita kwenye bawaba. Hukatikia hapo kwa sababu mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku.

Kwa leo, kibane kwa viganja ndani na nje ukivute juu taratibu, kisha kishikize kwa selotepu pana kwenye fremu.

Kikiwa kimepasuka ni habari nyingine: tafuta kizima cha modeli yako. Vioo vingi vya milango vimeimarishwa kwa joto, fundi akijaribu kukikata kinasambaratika chengachenga.