Pedeli Ilipogusa Sakafu: Kwa Kijana Anayejenga Hotrodi Yake ya Kwanza

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Kitanzania anayeishi Texas. Alianza kwa kuniamkia "Shikamoo mzee", jambo lililonichoma kidogo kwa kuwa sijatimiza hata miaka hamsini, kisha akaniuliza swali ambalo nimelikwepa kwa muda mrefu. Amenunua Ford Model A ya mwaka 1931 isiyo na injini, anakusudia kuitilia V8, injini ya silinda nane, ya mwaka 1934, na watu wamemwambia kwamba akitaka gari lake lihesabiwe kuwa hotrodi, yaani gari kuukuu lililopunguzwa uzito na kutiliwa injini yenye nguvu zaidi, ya mtindo wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, basi abakize breki za vyuma, zinazovutwa kwa fito bila mafuta, zilizotoka nalo kiwandani. Anataka kujua kama breki hizo husimamisha gari kweli.

Husimamisha. Langu leo linasimama. Ila ganda la rejeta la gari hilo lina bonde upande wa kushoto ambalo sijalinyoosha, na ambalo ndilo sababu ya makala haya, kwa kuwa nimechoka kuwaeleza wageni kwamba lilikuja na gari.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua mapenzi yangu yalikoanzia. Nilikulia Tanga, na chombo cha kwanza nilichokifungua na kukifunga tena kilikuwa baiskeli ya Phoenix ya baba yangu, ile yenye breki za vyuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani kwa fito nyembamba na kubana rimu kutoka chini. Kila aliyepanda baiskeli ile anajua kwamba breki zake zilikuwa nzuri siku ya kwanza, kisha zikaanza kupiga kelele, kisha zikawa za kumtisha anayekatiza barabara tu. Hazikuwa na kosa la uhandisi. Viungo vililegea, fito zikapinda, na vijana tukaona ni rahisi zaidi kusimama kwa kisigino cha kandambili. Nilipofika California na kulala chini ya Model A kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nilichokiona juu yangu kilikuwa ile Phoenix ya baba, imenenepeshwa na kupewa magurudumu manne.

Katika gari hilo, mguu unapokanyaga pedeli huizungusha shafti inayokingama chini ya chesisi, na shafti hiyo huvuta fito nne, moja kwa kila gurudumu. Nyuma, fito hugeuza kamu inayotanua viatu vya breki ndani ya dramu. Mbele kuna ufundi ambao hadi leo unanifurahisha: mkono wa breki umekaa juu ya kingpini, ile pini ambayo gurudumu huizungukia linapokata kona, na pini ya kusukuma hupita katikati ya kingpini hiyo hadi kwenye kabari inayotanua viatu, ili dereva akate kona atakavyo bila breki kuvutika. Henry Ford aliishikilia njia hiyo kwa ukaidi. Duesenberg walikuwa na breki za mafuta tangu mwaka 1921, Chrysler tangu 1924, Chevrolet wakahamia mwaka 1936, lakini Ford waliendelea kutangaza kwamba chuma kitupu kutoka pedeli hadi gurudumu ndio usalama wenyewe, wakabadilisha fito kuwa nyaya mwaka 1937, na hawakukubali mafuta mpaka magari ya mwaka 1939.

Coupe yangu, Model A ya milango miwili, ni ya mwaka 1930. Niliivua madigadi, nikaiweka ekseli ya mbele iliyopindwa ili pua ishuke, kisha nikaupasua ule uma wenye umbo la V unaoishikilia ekseli na kuifunga miguu yake miwili pembeni mwa chesisi, kama walivyofanya vijana waliokwenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage huko California. Injini niliyoipata ni V8 ya mwaka 1934, ya nguvu za farasi 85, ikichukua nafasi ya ile ya silinda nne iliyokuwa na farasi 40. Injini hiyo niliihudumia kwa miezi kumi na mmoja. Nilikagua nyufa za bloku kwa kioo cha kukuzia, nikazisugua vali moja moja, nikang'arisha maganda ya kabureta hadi mke wangu akauliza kama nakusudia kuyavaa. Breki nilizipa Jumamosi moja. Nilinunua lainingi mpya, yale matabaka yanayosugua dramu, nikazipigilia kwenye viatu, nikapaka rangi nyeusi fito zote nne, nikakaza nati za kurekebishia, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nimerudi kwenye kabureta.

Siku nilipolipeleka gari kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa magari haya lilizungukwa na watu, nami nikasimama kando nikijifanya nimezoea. Mzee mmoja Mmarekani aliinama kwa shida, akachungulia chini, akaitikisa fito ya breki ya mbele kwa vidole viwili, akaniuliza kwa upole, "Na kusimama je?" Nilimjibu kwamba nimekuwa fundi tangu yeye hajastaafu. Watu walicheka, mzee akatabasamu na kuondoka, nami nikahesabu kwamba nimeshinda. Fito ile ilitikisika, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona ikitikisika.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kuaibisha. Jumapili moja nilikuwa nateremka kilima kirefu kinachoelekea mtaani kwetu, nikiwa nimegusa breki mara nyingi kwa sababu mbele yangu kulikuwa na lori la bustani lililokwenda polepole. Lori likakata kulia, nami nikabaki na barabara tupu na makutano mbele yangu. Nilikanyaga. Pedeli ilishuka kama kawaida, ikaendelea kushuka, ikagusa ubao wa sakafu, na wakati huo gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limekamata peke yake huku mengine matatu yakisuasua. Gari likavutika kushoto, likapita juu ya nyasi za jirani, likaling'oa sanduku lake la barua na kusimama kwenye mnazi wa mapambo. Hakuna aliyeumia. Jirani alitoka na kikombe cha kahawa mkononi, akaniangalia, akaliangalia sanduku, na kwa ustaarabu ambao sikuustahili akaniuliza kama nahitaji kamba ya kuvutia.

Picha zilisambaa kabla sijafika nyumbani. Katika kundi la watu niliowaona kuwa marafiki, mmoja aliandika kwamba labda huko kwetu Afrika magari husimamishwa kwa miti. Wengine wakaweka vicheko. Sijamjibu mpaka leo, na sitadai kwamba nimesamehe; nasema tu kwamba usiku ule nililala chini ya gari, si kwa uchungu wa gari, bali kwa kuwa nilitaka kujua kabla yao ni kitu gani hasa kilichoniangusha.

Jambo la kwanza nililolikuta ni pini. Kila fito ina pini mbele na nyuma, na kila pini ilikuwa imelika kidogo, na kila tundu limekuwa la yai badala ya duara. Mchezo wa milimita moja katika kiungo kimoja haumtishi mtu akiupima peke yake, lakini kutoka pedeli hadi kwenye kiatu viungo ni vingi, mchezo wake hujumlishwa, kisha mkono wa pedeli huuzidisha, na ndiyo maana dereva hupoteza nusu ya mwendo wa mguu wake kabla chuma chochote hakijavutwa. Nilikuwa nimepaka rangi juu ya mchezo huo. Tiba yake haina uhodari wowote: matundu hujazwa kwa kuchomelea na kutobolewa upya kwa kipimo, au hutiwa bushi, na pini zote hubadilishwa, zote, pamoja na bushi za shafti ya kukingama.

La pili ni dramu. Zangu zilikuwa zile za awali, za inchi 11, zilizotengenezwa kwa bati nene la chuma lililokandamizwa. Zikipata moto hutanuka na kujipinda, yaani huvikimbia viatu vilevile vinavyojaribu kuzishika, na kwa kuwa breki za vyuma hazina mafuta ya ziada ya kuufuata mwanya huo, pedeli hushuka. Ndicho kilichonipata baada ya ule mteremko mrefu. Sasa nina dramu za chuma cha kusubu, ambazo ni nzito zaidi na hazitikisiki. Ukiulizwa utumie wapi fedha ulizozitenga kwa kabureta ya pili, hapa ndipo.

La tatu linanitia haya zaidi kwa sababu ni kosa la mwanafunzi. Lainingi nilizozipigilia hazikuwa zimekerezwa zifuate duara la dramu, hivyo ziligusa katikati tu, eneo la upana wa vidole vitatu, na sehemu iliyobaki ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani. Paka chaki ndani ya dramu, kanyaga, fungua, uangalie chaki imehamia wapi. Ikihamia katikati pekee, huna breki. Na unapofungua dramu za kale usipulize vumbi lake kwa mashine ya upepo, kwa kuwa lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, ukitupe kwa utaratibu wa eneo lako. Nimepuliza vumbi hilo kwa miaka nilipokuwa kijana wa kushikishwa spana, na hakuna mkubwa aliyenikataza.

La nne ndilo linalowahusu hasa wajenzi wa hotrodi, kwa sababu tunaliumba wenyewe. Nilipoishusha ekseli na kuupasua uma, nilihamisha vituo ambavyo ekseli huzungukia inapopanda na kushuka, lakini fito za breki nikaziacha zikizungukia pale pale pa zamani. Miduara miwili isiyolingana haiwezi kusafiri pamoja. Pua ilipoinama kwenye mteremko, fito ya kushoto, niliyokuwa nimeikaza zaidi, ilivutwa na mwendo wa springi wenyewe, na gurudumu hilo likakamata kabla ya wenzake. Inakubidi uweke mwisho wa nyuma wa fito karibu iwezekanavyo na kituo cha uma, uipandishe na kuishusha ekseli kwa jeki katika mwendo wake wote, na uhakikishe kwamba mkono wa breki haujongei. Aidha, pembe kati ya fito na mkono iwe karibu na pembe mraba wakati breki imeshika, wala si wakati imelegea, kwa maana nguvu hupotea pembe inapobanana. Hili lilinichukua wiki tatu na viunzi vinne vya mbao kabla sijakata chuma.

Baada ya hapo niliyanyanyua magurudumu yote manne juu ya stendi, nikachonga ubao wenye makato ya kuishikilia pedeli hatua kwa hatua dhidi ya kiti, nikawa nazunguka gari nikiyasukuma magurudumu kwa mkono. Katika kato la kwanza ya nyuma yaanze kuwa mazito, katika la pili ya mbele yaamke kwa usawa wa kushoto na kulia, katika la tatu lisigeuke hata moja. Urekebishaji wa kila siku ufanyie kwenye nati za kabari nyuma ya kila gurudumu. Urefu wa fito ukishaupata, usiuguse tena. Mtu anayefupisha fito ili kuipandisha pedeli anaficha ugonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mdogo wangu wa Texas, hapa nitasema kama kaka yako. Vijana mnaniandikia kuhusu kabureta, kuhusu mlio wa ekzosi, kuhusu rangi gani ya rimu, na katika jumbe zote za mwaka huu wewe ni wa kwanza kuuliza kuhusu kusimama. Ukiendesha kilomita 100 kwa saa badala ya 60, dramu zako zina karibu mara tatu ya nishati ya kumeza, na hakuna aliyeziambia kwamba umebadilisha injini. Anza na breki. Ukisubiri injini, bado anza na breki. Ukiwa huna fedha, umepata sababu ya kufanya breki peke yake. Na usimruhusu mtu akutishe kwa neno "asili": vijana waliorudi vitani walikimbilia kwenye magari chakavu ya miaka ya 1939 hadi 1948 kuchomoa breki za mafuta za Ford na kuzifunga kwenye Model A zao, na hotrodi zao ndizo tunazozipigia magoti leo. Mimi nimebaki na vyuma kwa sababu nilivipenda tangu Phoenix ya baba, na kwa sababu ya yule aliyeandika kuhusu miti. Sababu ya pili si nzuri, lakini ndiyo iliyonitoa kitandani asubuhi nyingi.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule mzee kwenye mkusanyiko uleule. Nilimwamkia, nikamwomba ainame tena. Alikataa kuinama kwa sababu ya mgongo, akanipa fimbo yake niigusie fito mwenyewe huku yeye akisikiliza. Haikutoa sauti. Akasema, "Sasa twende," akafungua mlango na kupanda.

Wewe nitumie kwanza picha za shafti ya kukingama kutoka chini, pande zote mbili, pini zikiwa zimetolewa na matundu yakionekana, pamoja na kipimo kutoka katikati ya shafti hadi mahali unapotaka kuufunga uma. Ubao wangu wenye makato bado upo gereji. Nitakuchorea vipimo vyake. Injini iache kwenye godoro lake ilipo.