Kuyu hayuko katikati ya ziwa

Miaka miwili nilikaa kwenye mawe ya lava ya Himbi, Goma, kando ya Ziwa Kivu, nikitupa ndoano mbali kadiri mkono unavyoweza, nikirudi nyumbani na visamaki vya kiganja. Nyumbani wenzangu wananunua sambaza, dagaa wa ziwani, wanakaanga, wanakula, mimi bado naapa kuyu, samaki mkubwa mwenye ndevu, atakuja. Nilijiambia: ziwa kubwa hivi, samaki mkubwa lazima awe huko ndani, kwenye kina.

Nilijidanganya. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini samaki hawana nafasi yote hiyo. Oksijeni inaishia karibu na mita 60. Chini zaidi ni maji yaliyojaa kaboni dioksidi na methani, hakuna samaki wa kuishi mle. Halafu kumbuka ziwa hili lilivyopatikana. Zamani maji ya bonde yalikuwa yanaelekea kaskazini, volkano za Virunga zikaziba njia, yakapanda mpaka yakapata mlango kusini, kule Bukavu, ndiyo mto Ruzizi. Ni bonde lililofurika, kwa hiyo mahali pengi ufuko unateremka ghafla: hatua chache tu, mguu haugusi tena chini. Na kuyu anakula akipekuapekua chini kwa ndevu zake nne. Basi amebaki na ukanda mwembamba wa kando, na mimi nilikuwa namrushia mshipi juu ya kichwa.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu anayekaa karibu na Minova, naye alianza kwa kunicheka. "Mpwa wangu, Goma kuna mto gani?" Kweli, hakuna. Mvua ya Goma inazama ndani ya lava. Kuyu anapenda pale mto unapoingia ziwani, na maji yakijaa anapanda mtoni kutaga mayai.

Kwa hiyo nenda mdomoni mwa mto, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Siku yenyewe ya mvua usijisumbue, mto unabeba migomba mizima. Utaona mstari: huku maji rangi ya chai ya maziwa, huku maji ya buluu. Chambo kiweke kwenye mstari huo. Mjomba anafukua nyungunyungu chini ya migomba, anawavisha watatu kwenye ndoano moja, risasi ndogo ya kuzamisha uzi, hakuna cha kuelea. Uzi anaupitisha juu ya kidole cha shahada, anakaa kimya.

Kidole ndicho kazi yote. Kuyu akigusa mara ya kwanza utahisi kama kuku anadonoa punje. Usivute! Anaonja. Mimi nilivuta, mara tatu asubuhi moja, nikapata nusu ya nyungunyungu mara tatu. Atadonoa tena, atatulia, kisha uzi utaondoka polepole kama mtoto anayekuvuta shati akitaka kitu. Hapo inua mkono, bila hasira.

Wangu wa kwanza alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, magamba makubwa, midomo minene. Mikono ilinitetemeka hadi mjomba akanishikia uzi.

Kama utabaki kuvua upande wa Goma hadi Sake, jihadhari na mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua. Alfajiri kukiwa hakuna upepo, gesi inalala kwenye mabonde madogo ya kando ya ziwa, haionekani. Ukiona mjusi au ndege amekufa hapo bila sababu, panda juu. Usiiname kuchunguza.

Jambo moja bado tunabishana na mjomba. Msimu wa mvua uliopita nilishika jike, tumbo limejaa mayai, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwagusa. Mjomba alimtoa ndoano taratibu, akamwachia maji. Sikumsemesha mpaka tumefika nyumbani. Siku hiyo hiyo, juu kidogo ya mto, vijana walikuwa wametandika chandarua kutoka ukingo hadi ukingo, na jike wetu alikuwa anaelekea huko huko.